Kwaya Ikiimba Kwenye Tundu Tupu

Kifaa cha muziki kilichozimika kabisa hakimsumbui fundi. Taa haiwaki, unafuata umeme ulikokatikia, unakuta fyuzi imekwenda au chaji imekufa, unabadilisha, mwenye kitu anachukua kitu chake. Kinachomtoa fundi jasho ni kile kinachowaka bila tatizo, kinaonyesha jina la wimbo, sekunde zinakwenda, wimbo unafika mwisho na mwingine unaanza, na kwenye spika hakuna hata mchakacho. Hapo kila aliyepo ana mshukiwa wake. Huyu anasema spika zimeungua, yule anasema ni waya, wa tatu anasema vitu vya siku hizi havina maisha marefu, tuchange tununue sabufa. Kwa kuwa hakuna moshi wala harufu, hakuna anayeweza kumbishia mwenzake.

Nimefanya ufundi wa redio, kaseti na sabufa Tunduma tangu ujana wangu. Kisanduku kilichonifundisha haya ninayoyaandika ni cha kwaya moja ya Mbebe, na kilichoharibika ndani yake ni kitu ambacho pasi ya lehemu haiwezi kukigusa: draiva ya sauti. Naandika kwa sababu visanduku vya namna hii vinaingia makanisani, shuleni na kwenye vibanda vya muziki, na mafundi wenzangu wengi, tuliolelewa na transista na koili, tukifungua na kukuta kompyuta ndani tunafunika haraka na kumwambia mteja akajaribu Mbeya au Dar es Salaam. Hakuna sababu ya kufanya hivyo.

Mbebe ni kata ya Wilaya ya Ileje, mkoani Songwe. Ukitoka Tunduma kwenda Ileje unaiacha foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo, unafika Mpemba, unaiacha barabara kuu na kushika njia ya Isongole, kwenye mpaka wa Malawi. Ileje na Malawi zinatenganishwa na Mto Songwe. Tunduma na Nakonde ya Zambia zimegusana kiasi kwamba mtu anafungua duka upande mmoja na kulala upande wa pili. Kwa hiyo redio ya mkulima wa huku ilishika nchi tatu. Jioni moja ungesikia kalindula kutoka Zambia, kwaya kutoka Malawi, halafu dansi kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zetu zilirekodi kwenye studio za redio hiyo, wimbo ukapigwa hewani, na wewe wa kijijini uliuwahi kwa kubonyeza vitufe viwili vya kurekodi kwa pamoja. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, na miaka mingi baadaye watu wa vijiji vya Ileje walikuwa bado wanaye kwenye kanda walizonasa wenyewe, sauti ya mtangazaji ikiwa imeng'ang'ania mwanzoni mwa wimbo.

Kwaya nazo zilifanya hivyo hivyo, ila bila studio. Radio kaseti inawekwa juu ya kigoda mbele ya waimbaji, mtu mmoja anaagizwa akae karibu na mlango azuie watoto, na wimbo unaimbwa tangu mwanzo hadi mwisho. Kanda hiyo inakuwa ndiyo rekodi pekee iliyopo. Waliopiga sauti ya nne katika kanda za Mbebe, baadhi yao wamekwishazikwa. Nataka msomaji alishike hilo kabla sijaingia kwenye waya na faili, maana kisanduku ninachokizungumzia kilibeba kanda hizo zilizogeuzwa kuwa faili, na kilipokaa kimya hakikunyamaza kama redio ya dukani inavyonyamaza.

Ndani ya kisanduku, kilichotengenezwa kwa mbao na seremala wa hapo hapo, kuna Raspberry Pi 3: kompyuta nzima kwenye bodi moja ya milimita 85 kwa 56. Bodi hizi zilibuniwa Cambridge, Uingereza, ya kwanza ikauzwa tarehe 29 Februari 2012. Hii ya tatu ilitoka Februari 2016, mwezi mmoja tu baada ya Mkoa wa Songwe kumegwa kutoka Mbeya. Hapa nchini si ngeni. Shirika la Powering Potential limeziweka kwenye maabara za kompyuta za shule za sekondari zinazotumia umeme wa jua, Karatu na kwingineko. Zinakula umeme kidogo, hazina feni, na memori kadi ndiyo inayobeba kila kitu, mfumo pamoja na nyimbo.

Bodi hiyo ina tundu la hedifoni ubavuni. Aliyekijenga kisanduku hakulitumia, na alifanya vizuri. Nyuma ya tundu lile hakuna chipu maalumu ya kugeuza namba kuwa sauti. Chipu kuu yenyewe inawasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa ili wastani wake ufuate wimbi la muziki. Kwa taarifa ya habari inatosha. Kwa kwaya ya sauti nne, pale sauti ya pili na ya tatu zinapokaribiana, masikio yanachoka. Badala yake aliunga kibodi, yaani bodi ndogo, cha zambarau chenye chipu ya PCM5102A ya Texas Instruments. Kibodi hicho kinapokea namba kutoka kwenye kompyuta kwa waya tatu: mmoja unapiga mapigo ya saa, mmoja unasema sasa ni zamu ya spika ya kushoto au ya kulia, na wa tatu unabeba namba zenyewe, 44,100 kwa sekunde kwa kila upande. Utaratibu huo ulitungwa na Philips mwaka 1986 na haujabadilika kwa kiasi cha kumtisha mtu. Kwenye Raspberry Pi waya hizo zinatoka pini ya 12, ya 35 na ya 40. Baada ya kibodi kuna amplifaya ndogo, kisha spika mbili. Nyimbo zinachaguliwa kwa simu, kupitia Wi-Fi ya kisanduku chenyewe.

Umeme ulikatika wakati kisanduku kinafanya kazi, ukarudi, ukakatika tena. Memori kadi haikuamka. Binti wa mwalimu wa kwaya, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na ndiye aliyekuwa anakitunza kisanduku, alipata kadi mpya, akaandika mfumo mpya kwa kompyuta ya kuazima, akarudisha nyimbo kutoka kwenye flashi ambako zilikuwa zimehifadhiwa nakala. Niseme wazi kwamba hiyo peke yake ni kazi ya fundi kamili. Kisha akafuata karatasi ya maelekezo iliyokuja na kisanduku, mstari kwa mstari. Kisanduku kikawaka, simu ikaonyesha nyimbo zote, sekunde zikakwenda. Kimya. Kamati ya kwaya ilikaa, na michango ya sabufa mpya ilikwishaanza kuandikwa daftarini niliposikia habari hizo kwa mtu aliyeleta redio yake Tunduma.

Nilipofika walinionyesha spika kwanza. Nikaomba waya wa kuunganishia simu na amplifaya. Nikachomoa waya unaotoka kwenye kibodi cha zambarau, nikachomeka simu yangu, nikapiga wimbo. Spika zote mbili zikatoa sauti safi, na daftari la michango likafungwa hapo hapo.

Kutafuta sauti iliyopotea ni sawa na kutafuta maji ya bomba: unatoka bombani kurudi nyuma kuelekea tangini, kiungo kwa kiungo, na mahali pa kwanza unapoyakuta maji, ubovu uko kati ya hapo na ulipotoka. Wengi wanaanzia katikati, kwenye kile wanachokijua. Fundi wa amplifaya atafungua amplifaya hata kama ni nzima, na ataifungua vizuri, na atairudisha ikiwa na skrubu moja pungufu. Mimi naanza na kile kilicho rahisi kuthibitisha, na kila nilichothibitisha sikirudii tena. Spika nzima. Amplifaya nzima. Twende nyuma.

Kibodi cha zambarau nilikipima kwa mita. Umeme unaingia. Chipu hii ina mguu wa kunyamazisha, unaoandikwa XSMT. Ukikosa umeme chipu inanyamaza kimyakimya na haimwambii mtu. Mguu ulikuwa na volti 3.3, sawasawa. Mguu wa SCK ulikuwa umeungwa kwenye graundi kwa tone la lehemu, kama inavyotakiwa. Kwenye kibodi kipya tone hilo mara nyingi halipo, na mnunuzi anaambulia makelele au kimya. Waya tatu nilizifuata kwa kidole na kwa mita hadi pini zake. Zote nzima. Ikawa ubovu uko ndani ya kompyuta, mahali ambapo mita haifiki.

Hapo ndipo mafundi wa umri wangu tunapofunika. Lakini kompyuta ina jambo moja ambalo amplifaya haina: ukiiuliza, inajibu. Nilichomeka kibodi cha kuandikia na skrini, binti akaketi, nikamwomba aandike amri fupi, aplay -l. Hiyo inaiambia mashine itaje kadi zote za sauti inazozijua. Ikataja mbili: ya hedifoni, na ya waya wa HDMI unaokwenda kwenye skrini. Kibodi cha zambarau hakikutajwa kabisa. Kilikuwa kimeunganishwa, kina umeme, kinasubiri, na mashine haikujua kama kipo.

Sasa nieleze draiva ni nini, kwa namna nilivyoielewa mwenyewe. Programu inayopiga muziki haijui chipu yoyote. Inajua kutoa namba tu. Chipu nayo haijui programu. Katikati iko draiva, kipande cha programu kinachojua lugha ya chipu moja mahususi: iamshwe vipi, inataka mapigo mangapi, inyamazishwe vipi. Kwenye Linux, mfumo unaoendesha kisanduku hiki, draiva za sauti zinakaa chini ya mfumo uitwao ALSA, alioanza kuuandika Mcheki Jaroslav Kysela mwaka 1998, ukaingia kwenye keneli, kiini cha Linux, ya 2.6 mwaka 2003. Ukichomeka kipaza sauti cha USB, kifaa hujitambulisha chenyewe na draiva huitwa bila wewe kujua. Kibodi kilichoungwa kwa waya tatu kwenye pini hakina njia ya kujitambulisha. Lazima mtu aiandikie kompyuta, kwenye faili inayosomwa wakati wa kuwaka, kwamba pale kwenye pini kuna chipu ya aina fulani. Mstari ni mmoja: dtoverlay=hifiberry-dac. Usipoandikwa, draiva inabaki kwenye memori kadi bila kuitwa.

Kwa hiyo watu wakisema draiva imeharibika, mara nyingi sana draiva ni nzima, haijaitwa tu. Hilo nililihakikisha pale pale, maana draiva ya chipu ile ilikuwemo kwenye memori kadi, mahali pake.

"Mjomba, mstari huo niliuandika," binti akasema, na akaufungua. Kweli, ulikuwepo kwenye faili ya config.txt ndani ya folda ya boot, umeandikwa bila kosa hata la herufi moja, kama karatasi ilivyosema.

"Nimeuona. Na haya yaliyo juu yake yanasemaje?"

Akasoma taratibu. Yalikuwa maneno machache ya Kiingereza: usihariri faili hii, faili unayoitafuta imehamishiwa kwenye folda ya firmware. Tangu toleo la Oktoba 2023, mfumo wa Raspberry Pi unasoma config.txt iliyo ndani ya boot/firmware. Ile ya zamani imebaki kama kibao cha kuelekeza njia. Karatasi ya maelekezo ilikuwa sahihi siku ilipoandikwa, na binti aliifuata kwa uaminifu. Mfumo ndio uliohama.

Jambo hili liliniuma, na bado linaniuma. Mashine ilikuwa imemwambia mahali pa kwenda, kwenye mstari wa kwanza kabisa, na taarifa hiyo haikumfikia kwa sababu maneno ya Kiingereza kwenye skrini vijana wetu wamezoeshwa kuyapita. Wamekua wakiona skrini zimejaa maneno ambayo hakuna aliyetarajia wayasome. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowaunganisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili, na ukaonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana na wa kuifanya wapo. Lakini maonyo ya ndani kabisa ya mfumo, yale yanayosomwa usiku na mtu mwenye shida, bado ni ya Kiingereza. Tangu siku ile sianzi kazi ya kompyuta bila kumwomba mwenye kifaa anisomee kwa sauti kila neno lililoko kwenye skrini, hata kama tunalitafsiri pamoja kwa shida. Inachelewesha, ndiyo, na mara nyingi jibu tunalikuta humo humo.

Binti aliuhamishia mstari kwenye faili mpya. Tukazima, tukawasha. Akaandika tena aplay -l. Mara hii kadi zikawa tatu: namba 0 ya hedifoni, namba 1 ya HDMI, na namba 2, kwa jina refu la sndrpihifiberry, kibodi chetu cha zambarau. Waliokuwa nyuma yetu wakapiga makofi. Akachagua wimbo kwenye simu. Sekunde zikaanza kwenda.

Kimya.

Hapa ndipo mtu anapokata tamaa na kuanza kubadilisha vitu ovyo, akiweka mfumo upya, akihamisha waya, hadi akifanikiwa hajui kilichomponya. Nikawaomba wasiguse kitu. Nilikuwa na hedifoni mfukoni. Nikazichomeka kwenye lile tundu la ubavuni ambalo hakuna aliyelitumia tangu kisanduku kijengwe, nikaweka sikioni.

Kwaya ilikuwa inaimba. Wimbo ulikuwa katikati, sauti zote nne, kikohozi cha mtu kanisani, jogoo kwa mbali. Nikampa binti hedifoni moja, akanitazama bila kusema kitu, akaenda kumpelekea mama yake. Wiki zote zile kisanduku hakikuwa kimeacha kuimba. Kilikuwa kinaimbia tundu tupu.

Sababu ni namba. Programu ya kupiga muziki, inaitwa MPD, ilikuwa imeandikiwa ipeleke sauti kwenye kadi namba 0. Kwenye mfumo wa zamani kadi za ndani zilikuwa zimezimwa, kibodi cha zambarau kikawa peke yake, na aliye peke yake ndiye namba 0. Kwenye mfumo mpya kadi za ndani ziliwashwa, zikawahi, kibodi kikasogezwa nyuma. Namba hizi hazina mwenyewe. Zinagawiwa kwa kufuata nani amewahi kuamka, na leo anaweza kuwahi huyu, kesho yule. Nimeona redio ya kibandani ambayo asubuhi inaimba na jioni ya siku hiyo hiyo inanyamaza, mwenyewe akaamini kuna mtu anamfanyia mambo, kumbe ni kadi mbili zinapokezana namba.

Dawa yake ni kuacha kuiita kadi kwa namba na kuiita kwa jina. Pale palipoandikwa hw:0,0 binti akaandika hw:CARD=sndrpihifiberry. Sasa iwahi isiwahi, iwe ya kwanza au ya mwisho, sauti itaitafuta kadi yenyewe. Tungeweza pia kuzima kadi za ndani na kumaliza kazi haraka zaidi, na wapo mafundi wazuri watakaokuambia ufanye hivyo. Mimi sikutaka. Lile tundu la hedifoni ndilo lililotuonyesha ubovu, na siku nyingine fundi mwingine atalihitaji.

Sauti ilipotoka kwenye spika, ukumbi ulijaa watu. Nilidhani kazi imekwisha. Mwalimu wa kwaya, mama mtu mzima ambaye ndiye aliyewafundisha waimbaji wa kanda zile, alisikiliza ubeti mmoja hadi mwisho akiwa amesimama, kisha akaniita.

"Mwanangu, hii imepanda."

"Imepanda vipi, mama?"

"Sisi hatukuimba juu hivi. Hawa wa sauti ya kwanza wangepasuka."

Nilimwamini. Niliangalia mipangilio yote ya kompyuta, nikapima wimbo mwingine ninaoujua kwa urefu wake, dakika zikalingana. Mashine ilikuwa inatoa kilichomo kwenye faili bila kuongeza wala kupunguza. Kilichomo kwenye faili ndicho kilikuwa na kasoro. Kanda ya kaseti, tangu Philips walipoileta mwaka 1963, inatakiwa kupita mbele ya kichwa cha kusomea kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Deki iliyotumika kuhamisha kanda za Mbebe ilikuwa inakimbia. Mwendo ukizidi kwa karibu asilimia 6, wimbo mzima unapanda nusu toni, na wazee wanaoimba wanageuka vijana kidogo. Masikio mengi hayatagundua. Nyimbo hizo zilikuwa zimepigwa kwenye kisanduku muda mrefu bila mtu kulalamika, kwa sababu mama yule alikuwa akizisikia kwa mbali, kwenye kelele za shughuli, hadi siku hiyo ukumbi ulipotulia ili kusikiliza kama sauti imerudi.

Draiva, kadi, faili, vyote hivyo vinaweza kuwa sahihi na bado kitu kinachotoka kisiwe chenyewe. Anayejua ni yule aliyekuwepo. Nimekuwa nikiwarudishia watu redio kwa miaka mingi kwa kuuliza, "Inasikika?" Siku hizi nauliza, "Ndivyo ilivyokuwa?"

Mengine tuliyamaliza bila shida. Kisanduku kilikuwa kinalishwa na chaji ya simu kwa waya mwembamba, na kwaya ilipopaza sauti, amplifaya ilivuta umeme na kompyuta ikayumba. Nilipima volti kwenye pini za kompyuta wakati wimbo umekolea, nikakuta zinashuka hadi chini ya 4.63, kiwango ambacho bodi yenyewe inaanza kulalamika. Raspberry Pi 3 inataka volti 5.1 na uwezo wa ampea 2.5. Tukaipa amplifaya chaji yake na kompyuta yake, na waya mfupi mnene. Halafu tukaufanya mfumo usome memori kadi bila kuiandika, ili umeme ukikatika usimkute mtu katikati ya sentensi. Ukitaka kuongeza wimbo unafungua, unaongeza, unafunga. Kadi ya pili yenye kila kitu ikatiwa kwenye bahasha na kubandikwa ndani ya mfuniko.

Kisha nikamwomba binti autoe ule mstari, azime, awashe, aone kimya kikirudi. Akarudi njia nzima peke yake: simu kwenye amplifaya, hedifoni kwenye tundu, aplay -l, faili, jina la kadi. Alipokuwa anafanya alikuwa anaandika, kwa Kiswahili, kile anachokiona kila hatua na maana yake, na mahali ambapo mashine inaandika Kiingereza alikinakili kama kilivyo na kuweka maelezo chini yake. Karatasi hiyo imechukua nafasi ya ile ya zamani. Tarehe na toleo la mfumo viko juu kabisa, ili atakayeisoma baadaye ajue kama bado inafaa.

Kazi iliyobaki ni kuhamisha kanda upya, na hiyo inaendelea. Deki tuliyoipata ina mota yenye kitundu kidogo nyuma. Unaingiza bisibisi nyembamba, unazungusha kidogo sana, mwendo unapungua au kuongezeka. Swali lilikuwa tusimame wapi. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyetoa jibu, kwenye sanduku la karatasi za nyimbo. Kwaya zetu zimejifunza kwa nota za sol-fa, utaratibu ulioenezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19 na kuletwa huku na wamisionari, na juu ya kila karatasi huandikwa doh iko wapi. Karatasi ikisema doh ni G, binti anabonyeza G kwenye kinanda cha kanisa, mimi nazungusha bisibisi, kanda inapita, mama anasikiliza. Akinyanyua mkono, tunaacha hapo na kurekodi.

Nyimbo nyingine karatasi zake zimepotea au zililiwa na mchwa. Kwa hizo hakuna cha kupimia isipokuwa masikio ya mama na ya wenzake wawili watatu walioimba naye. Ndiyo maana tumeanza na kanda zisizo na karatasi. Zenye karatasi zinaweza kusubiri.